Kabla hujauliza bei ya printa, uliza bei ya wino wake

Nasema hivi kwa yeyote anayetaka kununua printa ya nyumbani hapa Mwanza: usianze na bei ya printa. Uliza kwanza wino wake unauzwaje na unatoa kurasa ngapi, ukishapata hayo majibu mawili ndio urudi kwenye bei ya mashine yenyewe. Najua madukani watu hawaulizi hivo, mtu anaingia duka la vifaa vya kompyuta pale mjini, anaona printa bei chee, inaprinti rangi, inatoa kopi, inaskani, anafurahi, anabeba boksi lake anapanda daladala ya Buhongwa. Wiki kadhaa baadaye wino umeisha, anarudi dukani anaambiwa anunue katriji mbili (vile vikasha vya wino), ya nyeusi na ya rangi, na ukijumlisha bei zake inakaribia bei ya printa nzima.

Wala sio bahati mbaya, biashara yenyewe imepangwa hivo. Kampuni nyingi zinaachia hizi printa ndogo kwa faida kiduchu sana, wengine hata kwa hasara, maana wanajua ukishaifikisha nyumbani utakuwa mteja wao wa wino mwaka hadi mwaka. Na ile katriji unayoikuta ndani ya boksi jipya mara nyingi ni ya kuanzia tu, wino wake ni mchache kuliko wa katriji unayonunua yenyewe.

Tupige hesabu kidogo. Chukua katriji nyeusi ya HP 123, ile ya kawaida, kampuni yenyewe inasema inatoa kurasa kama 120. Tuseme umeuziwa 45,000, gawanya uone, kila ukurasa ni shilingi 375 na hapo hujahesabu karatasi wala umeme. Steshenari nyingi hazikutozi hela hiyo kwa ukurasa wa nyeusi, na wao wanalipa pango na bado wanapata faida! Yaani mwenye printa nyumbani anaprinti kwa gharama kubwa kuliko jirani yake anayetembea na flashi mfukoni, na hajui.

Sasa linganisha na printa za matenki, EcoTank za Epson, zile mfululizo wa G za Canon, Smart Tank za HP, Brother nao wanazo. Hizi unamimina wino wa chupa. Chupa nyeusi ya Epson 664 ni mililita 70 na inatoa kurasa kama 4,000, tuseme umeinunua 35,000, ukurasa haufiki hata shilingi 9. Hizo kurasa zinahesabiwa kwa kurasa za kawaida, sio picha iliyojaa karatasi nzima, kwa hiyo ukiprinti mabango na picha za harusi utapata pungufu, na chupa za kwanza kabisa zinapungua kwa sababu wino kiasi unajaza mipira ya ndani. Hata ukiondoa yote hayo bado tofauti ni kubwa mno. Printa yenyewe ni ghali dukani, hilo ni kweli, ila kwa mwalimu wa tuition au mtu anayetengeneza mitihani ya majaribio kila mwisho wa mwezi, ile tofauti ya bei inarudi haraka sana.

Kinachonifurahisha ni jinsi hizi printa zilivyoanza. Epson aliziingiza sokoni Indonesia mwaka 2010, na kule mafundi walikuwa tayari wanaunga mipira na chupa za wino pembeni ya printa za kawaida kwa sababu katriji zilikuwa zinawamaliza. Kampuni ikaona bora itengeneze yenyewe. Wateja walikataa kukamuliwa na kampuni ikabadilika, ndio maana nasisitiza tuulize bei ya wino pale pale kaunta, kwa sauti, tena muuzaji anatakiwa aandike kwenye kile kikaratasi cha bei kwamba wino wake ni shilingi ngapi na kurasa ngapi.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalioni kabisa, wino mwingi wa nyumbani haufiki kwenye karatasi. Nilisimama kwa fundi mmoja akifungua printa iliyogoma, kioo kinasema pedi zimejaa. Akatoa kifuniko cha chini akavuta sponji, ilitoka kiwandani nyeupe, sasa nyeusi tii, imevimba, pembeni inaonyesha ubluu na zambarau, akaibonyeza kwa kidole wino ukachuruzika mpaka kwenye gazeti alilotandika mezani. Ule wote ni wino uliolipiwa na haukuandika hata herufi moja, ni wino wa kusafishia. Kila printa ikijisafisha inavuta wino kupitia yale matundu madogo ya kichwa, ile sehemu inayonyunyizia wino kwenye karatasi, na kuumwaga kwenye hiyo sponji.

Na kwetu huku umeme unachangia sana. Ukizima printa kwa kitufe chake, kichwa kinarudi sehemu yake na kufunikwa na mpira ili matundu yasikauke. TANESCO wakikata katikati ya kazi kichwa kinabaki wazi pale pale kilipo, wino unakauka, umeme ukirudi printa inaamka na kuanza kujisafisha upya, ukikatika mara tatu kwa siku basi fikiria mwenyewe. Kwa hiyo zima kwa kitufe, usizoee swichi ya ukutani, na kama una hela kidogo weka UPS ndogo, kile kifaa chenye betri ya akiba, ikupe muda wa kuizima vizuri (hiyo ni kwa printa za wino, printa ya leza inavuta umeme mwingi, UPS ndogo haiiwezi). Pia usiiache mwezi mzima bila kazi, printi ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, ni wino kidogo sana ukilinganisha na kuja kuzibua. Na mistari ikianza kukatika toa kwanza ule ukurasa wa kupimia matundu, safisha mara moja au mbili, haijakaa sawa iache ipumzike masaa kadhaa ndio ujaribu tena, watu wanabonyeza kusafisha mara sita mfululizo wanamaliza robo ya wino bila kuprinti kitu.

Kwenye mipangilio weka drafti, ile inayotumia wino kidogo, kwa kazi za kusoma mwenyewe, na weka wino mweusi peke yake, maana printa nyingi zikiachwa zinachanganya rangi kutengeneza weusi. Wanachuo wa SAUT pale Malimbe mnaoprinti tafiti rasimu baada ya rasimu, weka kurasa mbili kwenye upande mmoja wa karatasi mpaka ile ya mwisho ya kufunga jalada.

Wino usio wa kampuni mimi siupingi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi ya kampuni ya printa ya Lexmark kwamba ukishauza katriji, haki yako ya hataza (haki ya mwenye uvumbuzi) juu yake imeisha, mwenye nayo akiijaza ni yake. Ila kuna mtego, mwaka 2016 baadhi ya printa za HP ziliacha ghafla kukubali katriji za watu wengine kwa sababu ya programu iliyokuwa ndani yake, kwa hiyo kama unatumia za kuchonga zima masasisho ya programu ya printa yanayojiendesha yenyewe. Na kwenye kujaza soma chupa, kuna wino wa dai (rangi iliyoyeyuka) na wa pigimenti (chembe ndogo za rangi), ukichanganya unaweza kuganda ndani na kuziba kichwa, na kichwa kikifa hela yote uliyookoa imekwenda.

Kwa anayeprinti maandishi meusi tu tena kwa msimu, tafuta printa ya leza ya nyeusi. Tona, inayotumika badala ya wino, ni unga, haikauki hata ukisafiri Ukerewe miezi miwili, tona ya HP 85A inatoa kurasa kama 1,600 na mafundi wa kuijaza wapo wengi mjini. Na kama ni kurasa kumi kwa mwezi usinunue printa kabisa, beba flashi nenda steshenari, ila kabla hujaondoka futa faili lako kwenye kompyuta yao, hasa ikiwa ni vyeti au kitambulisho, na ukifika nyumbani iskani hiyo flashi virusi kabla hujafungua chochote.