Daimler Roadliner: kosa lilikuwa injini, si basi

Daimler Roadliner, basi lisilo la ghorofa la kampuni ya Daimler ya Uingereza, ikitajwa tu, wapenzi wa mabasi ya Uingereza wanarudi palepale, eti ndio basi bovu kuliko yote ya miaka ya 60. Mimi naona hapo tunachanganya basi na injini yake.

Malalamiko ni ya kweli, sibishi. PMT, kampuni ya mabasi ya Stoke-on-Trent, ndio walionunua nyingi kuliko kampuni yoyote ya Uingereza, na mafundi wao waliteseka, injini yake ya Cummins V6 inasumbua mara kwa mara, basi limelala gereji na abiria wako kituoni wanasubiri. Kampuni ya Black & White ya Cheltenham waliziweka safari ndefu, nao yakawakuta hayohayo. Mtu katoa hela yake, lazima akasirike.

Ila angalia sakafu jamani. Wakati ule mabasi mengi yasiyo ya ghorofa yalikuwa na injini imelazwa katikati chini ya sakafu, kwa hiyo bibi mwenye kikapu anapanda ngazi moja, ya pili, ya tatu, dereva anasubiri, foleni inasubiri. Daimler wakapeleka injini nyuma kabisa wakaisimamisha, sakafu ikashuka, halafu chini wakaweka raba badala ya springi za chuma. Hicho kitu cha kuingia bila kupanda ngazi nyingi ndicho kila mji unakitaka leo! Sasa ili ikae vile walihitaji injini fupi, na injini ya Gardner waliyoiamini kwenye Fleetline, basi lao la ghorofa, silinda zake ziko mstari mmoja, ni ndefu, haikai pale. V6, yenye silinda zilizopangwa kwa umbo la V, ilikuwa fupi, tena Jaguar waliokuwa wenye Daimler tangu 1960 walikuwa na ubia na Cummins, watengeneza injini hiyo, basi ikawa hiyohiyo. Baadaye wakaleta injini nyingine, Perkins V8, lakini jina lilishachafuka.

Mwaka 1968 kampuni za magari zikaungana ikazaliwa British Leyland, Roadliner ikajikuta nyumba moja na washindani wake AEC Swift na Leyland Panther, na wakubwa macho yao yakawa kwa basi jipya, Leyland National. Mwanzoni mwa miaka ya 70 ikaachwa. Na hapa ndipo roho inaniuma, maana hiyo National nayo ilianza na injini ya 510 iliyowasumbua mafundi kwelikweli, lakini yenyewe ilivumiliwa, ikarekebishwa, ikabadilishiwa injini, na zikatengenezwa zaidi ya 7,000.