Siasa za Marekani na macho ya mtazamaji

Wanaosema Donald Trump ndiye aliyegeuza siasa za Marekani kuwa burudani wanampa sifa isiyo yake. Mambo haya yameanza zamani. Septemba 26, 1960, katika studio moja ya Chicago, kwenye mdahalo wa televisheni wa wagombea urais, Richard Nixon alikabili kamera akiwa ametoka kuugua goti, amekonda, amemkataa mpambaji wa studio, suti yake ya kijivu ikimezwa na ukuta wa nyuma. Mpinzani wake, John Kennedy, aling'aa. Usiku ule walibishana kuhusu matibabu ya wazee na mishahara ya walimu, mambo yanayogusa kila nyumba, lakini kinachokumbukwa hadi leo ni jasho kidevuni mwa Nixon.

Ronald Reagan simlaumu sana. Alikuwa mwigizaji, ndiyo, ila aliongoza jimbo la California miaka 8 kabla ya kuingia Ikulu, kwa hiyo wapigakura walikuwa na kazi yake ya kuikagua. Trump, kabla ya urais, hakuwahi kushika wadhifa wowote wa umma. Kuanzia 2004, kipindi cha televisheni cha The Apprentice kilimwonyesha kama bosi anayekata shauri papo hapo na kumtimua mtu bila kupepesa macho. Kufilisika kwa kasino zake za Atlantic City hakukuwa na nafasi katika picha hiyo. Trump alipogombea urais, vituo vya televisheni navyo vilivuna. Februari 2016, Les Moonves, aliyekuwa mkuu wa kituo cha CBS, alitamka waziwazi kwamba kampeni ile huenda si nzuri kwa Marekani, lakini ni nzuri mno kwa CBS.

Hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Mtu akizoea kutazama siasa kama tamthilia, anasubiri kitakachofuata na kusahau kuuliza nani ataumia. Februari 20, 2025, Elon Musk, tajiri aliyepewa na Trump kazi ya kukata matumizi ya serikali, alisimama jukwaani kwenye mkutano wa wahafidhina huko Maryland, kavaa miwani nyeusi, akiuinua juu msumeno wa injini aliopewa na Javier Milei, Rais wa Argentina. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Wakati huo misaada ya USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, ilikuwa imeshasimamishwa, na nchini Kenya wahudumu wa kliniki za VVU waliolipwa kwa fedha hizo walikuwa wamerudishwa nyumbani, wagonjwa wao wakihitaji dawa kila siku. PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI uliogharamia huduma kama hizo, ulianzishwa 2003 na George W. Bush, Rais wa chama cha Republican, chama kile kile cha waliokuwa wakishangilia.