Mama mkwe kwenye kioo cha nne

Kabla hamjamaliza kusikiliza ile sauti aliyoirusha rafiki yangu kwenye magrupu, eti nililia mbele ya mama mkwe, ngoja niseme mwenyewe. Kwanza, sikulia. Lile lilikuwa jasho.

Wa zamani hapa mnajua nilivyochizika na Dustin Yellin, yule jamaa wa Brooklyn anayekata vipicha vya majarida, anavibandika kwenye vioo, halafu anavipanga vioo tabaka kwa tabaka mpaka anatokea mtu mzima kasimama ndani. Mwaka 2015 watu wake wa vioo walisimama kwenye ukumbi wa wacheza baleti wa New York. Wangu alisimama Msasani, hapa Dar, jioni moja tu: vioo 9 vya milimita 6 kutoka Buguruni, kilo 54, juu ya guta. (Kaka wa guta, mgongo unaendeleaje?)

Vipicha nilivikata usiku, umeme hakuna, kutoka kwenye boksi la magazeti la chini ya kitanda.

Basi, mama mkwe akaingia. Shikamoo, marahaba. Kajifunga kilemba cha njano. Ndipo nikakumbuka nimekiona wapi kile kilemba. Kioo cha nne. Kalio la kushoto.

Sasa, vioo hivi ukivitazama kwa ubavuni, karatasi zinabaki nyuzi tu, unaona kijani kitupu. Nikamwelekeza kwa mikono miwili kama trafiki.

"Mama, hii inatazamwa ubavuni."

Akatazama. "Mkwe wangu, mbona kama tangi la samaki lisilo na samaki?"

"Ndiyo maana yake, mama."

Akapiga hatua moja kuelekea mbele. Nikasogea kumziba. Akanizunguka. Akatoa miwani kwenye mkoba, akaifuta kwa ncha ya kanga, taratibu, jicho moja kisha la pili. Akainama. Mama mkwe na mama mkwe wakatazamana. Akagonga kioo kwa kucha: ti, ti.

"Huyu si mimi, sendofu ya mwanangu?"

"Ni wewe, mama."

"Na hapa uliponiweka ni wapi?"

Nikasema begani. Rafiki yangu, huyuhuyu mrusha sauti, akadakia: "Bega gani lina mpasuko, kaka?"

Yaliyofuata ni vikao, wajomba, kreti mbili za soda, nimesamehewa. Kumbandua siwezi, gundi ilishakauka.

Leo mteja kapiga simu, anaitaka. Mke wangu kasema mama yake hauzwi.