Locke Alikuwa Anaongelea Uungwana, Sio Uhuru

Binti wa kaka yangu yuko hapa kwangu likizo, kidato cha tano HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), na meza yangu yote ya kulia imejaa makaratasi yake ya kopi za tuisheni. Juzi naandaa chakula cha usiku nikasogeza karatasi moja niweke sufuria, macho yakaangukia mstari mmoja, nawawekea kwa Kiswahili: wanafalsafa wa Zama za Mwangaza (Ulaya ya karne ya 17 na 18) ndio waliomfundisha binadamu kwamba amezaliwa huru. Chini yake majina, Locke, Rousseau, Montesquieu, Kant, na kila jina na sentensi yake ya kukariri.

Nikamuuliza, mwanangu, kwa hiyo kabla ya hao wazee mtu akifungwa mnyororo shingoni alikuwa hajui kama anaonewa? Akanijibu kwa upole kabisa, "Shangazi, mtihani ndio unataka hivyo."

Chakula chenyewe sikukila vizuri. Naandika hapa kwa sababu najua wengi wenu mmepita kwenye makaratasi hayohayo, na mimi nimepita, na nilipata alama nzuri tu.

Tuanze na Locke, maana ndiye wa kwanza kwenye karatasi. Kitabu chake kuhusu serikali kilitoka 1689 na kinafungua kwa kusema utumwa ni hali duni na ya kuhuzunisha mno kwa mwanadamu. Maneno mazuri. Ila Locke huyohuyo alikuwa na hisa kwenye Royal African Company, kampuni iliyokuwa inanunua watu Afrika Magharibi na kuwauza ng'ambo. Alikuwa pia katibu wa mabwana waliomiliki koloni la Carolina, na alishiriki kuandaa katiba yao ya 1669, ambayo inasema kila mtu huru wa Carolina atakuwa na mamlaka kamili juu ya watumwa wake weusi. Sasa mtu anaweza vipi kushika kalamu moja akaandika yote mawili?

Nimelifikiria sana hili na jibu nimelipata kwenye lugha yetu wenyewe. Sisi watu wa pwani tunalo neno muungwana. Leo ukisema fulani ni muungwana unamaanisha ana adabu, mtu mstaarabu, lakini wazee walimaanisha asiye mtumwa, aliyezaliwa huru kwa wazazi huru. Uungwana haukuwa wa kila mtu, ulikuwa na maana kwa sababu tu nyuma ya nyumba kulikuwa na mtu asiye nao, na muungwana angeweza kukaa barazani akaongea heshima ya mwanadamu mpaka adhana ya magharibi huku kahawa inaletwa na mtu aliyenunuliwa. Huyo ndiye Locke. Alikuwa anaongelea uungwana wa Waingereza wenye mali wasionewe na mfalme wao. Ukimsoma hivyo hajipingi hata kidogo, na ndio maana inaumiza.

Rousseau naye aliandika 1762 kwamba binadamu huzaliwa huru na kila mahali yuko kwenye minyororo. Nikikubali nikubali, sentensi hiyo bado inanisisimua mwili, na kwenye kitabu hichohicho anasema wazi kwamba hakuna haki yoyote ya kumfanya mtu mtumwa. Lakini Ufaransa tangu 1685 ilikuwa na sheria kamili ya kuwaendesha watumwa weusi kwenye makoloni yake, Code Noir, na sheria hiyo kitabuni hamna. Minyororo ya Rousseau ni ya mfano. Ya chuma ilikuwa inasafiri baharini wakati huohuo.

Na ilikuwa inasafiri kwetu. Septemba 1776, Rousseau yuko hai bado, na miezi miwili tu imepita tangu Wamarekani watangaze kwamba watu wote wameumbwa sawa, mfanyabiashara Mfaransa anaitwa Morice alikubaliana na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja piasta 20 (sarafu ya fedha ya wakati huo), na Sultani apewe zawadi ya piasta mbili kwa kila kichwa. Wengi walipelekwa Isle de France, ndiyo Mauritius ya leo, na Bourbon, yaani Réunion, kwenye mashamba. Kilwa Kisiwani nimefika, nimevuka na boti kutoka Masoko, nimetembezwa Msikiti Mkuu na Gereza, tukapiga picha, na hakuna aliyenitajia 1776. Na wala sisemi ni dhambi ya Wazungu peke yao, upande wetu aliyekubali alikuwa muungwana wa hapa hapa.

Kant nitamtaja kwa ufupi maana ananikasirisha. Ndiye aliyeandika 1784 kwamba tuthubutu kutumia akili zetu wenyewe. Miaka 20 nyuma aliandika kuhusu seremala mmoja Mwafrika kwamba alikuwa mweusi toka kichwani mpaka miguuni, na huo ni ushahidi tosha kuwa alichosema ni upumbavu. Wakati huo Anton Wilhelm Amo, mtoto wa Axim, Ghana ya leo, alishasomea Halle, alishatetea tasnifu ya falsafa Wittenberg 1734 na alishafundisha chuo kikuu hukohuko Ujerumani. Mwaka 1729 alitetea hoja kuhusu haki za Waafrika walioko Ulaya, na maandishi yake hayo yamepotea. Karatasi za tuisheni hazimjui.

Waliolichukua neno uhuru kwa maana yake yote ni watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa huko Karibi, ndiyo Haiti ya leo. Agosti 1791 waliinuka, karibu nusu milioni ya watu walikuwa wanamilikiwa kwenye koloni lile, na wengine walikuwa wametolewa pwani hii yetu ya mashariki, hasa Msumbiji, wakazungushwa Rasi ya Tumaini Jema mpaka Karibi. Ufaransa ikalazimika kufuta utumwa 1794, Napoleon akataka kuurudisha 1802 akatuma jeshi. Jenerali mmoja wa jeshi hilo, Lacroix, ameandika kwamba kwenye ngome ya Crête-à-Pierrot waliwasikia maadui zao weusi ndani wakiimba nyimbo za mapinduzi ya Ufaransa, na askari wake wakatazamana kama wanaulizana, kumbe haki iko upande wao? Toussaint Louverture alifia gerezani Ufaransa Aprili 1803. Tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikawa huru, na mwaka 1825 Ufaransa ikaidai faranga milioni 150 kama fidia ya wenye mashamba na watumwa.

Sasa niambieni ukweli, nani alimfundisha nani?

Montesquieu na mihimili yake mitatu ya dola abaki, tunamhitaji. Hobbes wa Uingereza abaki pia, nchi yake iliingia vita vya wenyewe kwa wenyewe akaogopa, namwelewa. Wasomwe wote. Lakini msomeshe mtoto na Amo, mwalimu wangu, mpe na Haiti, mpe na Kilwa 1776, mtihani usipouliza basi. Binti yangu anarudi shule Jumapili. Jana usiku aliniuliza wale watu 1,000 wa kila mwaka walitolewa vijiji gani, tukakaa na ramani ya kusini mpaka saa sita, tunafuata njia kutoka Ziwa Nyasa kushuka baharini.