Samahani, Wazazi Leo Hatuna

Naona jirani yangu wa dawati ameshawafikishia kwenye grupu habari za mtihani wangu wa Kihispania mbele ya sista, tena kwa ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba ya bajeti, huku akikatizwa na kicheko chake mwenyewe. Sasa tuwekane sawa. Sikumpigia sista magoti. Sikumwimbia. Na neno "keki" halikutoka kinywani mwangu. Mengine aliyosema yametokea, ila amesimulia vibaya.

Kwa nini nipo kwenye kozi ile mnajua. Hapa Arusha waongoza watalii wa Kiingereza wamejaa mpaka wanapishana mlangoni. Wa Kihispania wanatafutwa kwa tochi, na msimu ukichanganya wanapigiwa simu hata wakiwa msibani. Nikalipa ada ya kozi ya haraka ya wanaoanza: asubuhi mpaka alasiri, Jumatatu mpaka Ijumaa, na Kiswahili marufuku ukishavuka mlango wa darasa.

Kilichoniponza ni sifa. Kihispania kina irabu tano, zilezile zetu za a, e, i, o, u. Ile r ya kutetemesha ulimi, sisi tuliokulia Ngaramtoni tukisikia Kimaasai kila siku tunaitoa hata usingizini. Profe wetu, mama mmoja aliyesomea Cuba, akanisifu mbele ya watu: akifumba macho anadhani yuko Havana. Nikavimba kichwa. Hakuna aliyegundua kwamba hilo ni duka lenye bango zuri na ndani rafu tupu.

Maana sarufi ilinishinda mapema. Kitenzi cha "kuwa" wenzetu wanavyo viwili, ser na estar. Profe akatupa njia ya mkato: ser ni ya mambo ya kudumu, estar ni ya hali zinazopita. Tukaandika, tukaridhika. Wiki hiyohiyo tukakuta marehemu naye anapewa estar! Está muerto. Darasa likagoma. Mzee mmoja, dereva wa safari wa siku nyingi, akanyoosha mkono akauliza kwa upole kama kule Hispania watu huwa wanarudi.

Basi ukafika mtihani wa kuongea. Profe akasema ataleta mgeni, Mhispania halisi. Ikavuma kwamba mgeni atafanya na sisi somo la mkahawani, yeye mteja, wewe mhudumu. (Aliyevumisha ni huyohuyo wa ujumbe wa sauti. Hilo kwenye simulizi yake hamkulisikia, eeh?) Nikakariri maneno ya mhudumu usiku kucha. Asubuhi ungenipa meza kumi ningezihudumia peke yangu.

Nikaitwa. Nafungua mlango, nakuta sista mzee, shela nyeupe, miwani, tabasamu la bibi. Nikamsalimia, nikataja jina langu. Lafudhi ikatoka safi kabisa. Macho yakamng'aa. Ndipo nilipokwisha, kwa sababu alidhani amepata mtu wa kuongea naye, akafungulia bomba. Isitoshe, Wahispania wengi z, na c ikifuatwa na e au i, wanazitamka kama th ya "thamani", na mimi masikio yangu yamelelewa Kicuba. Katika maji yote yale nikadaka neno moja tu: padres.

Padres ni wazazi. Tulifundishwa siku za mwanzo kabisa, hata sasa nalijua. Lakini ndugu zangu, mbele yako amekaa mtawa, rozari mkononi, anakuuliza kuhusu padres. Akili yako itaenda wapi? Ya kwangu ilikwenda parokiani. Nikajua sista anaulizia mapadri. Nikatafuta jibu kwenye ghala langu la mhudumu, nikalipata, tena la adabu:

"Lo siento. Hoy no tenemos."

Yaani: samahani, leo hatuna.

Sista akanyamaza. Akavua miwani. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akaanza kuongea polepole, sauti ya chini. Nikafurahi, nikasema ahaa, sasa tunakwenda kwa mwendo wangu. Nikadaka hermano, kaka. Nikadaka marzo, Machi. Nikaunganisha: kaka yake anakuja Machi! Kichwani nikaanza kupiga hesabu za gari, maana Machi mvua za masika zinaanza kunusa lakini mbuga bado zinapitika. Nikampa tabasamu la kibiashara.

"Muy bien," nikasema. Vizuri sana. Na kwa kuwa mhudumu haishii hapo, nikaongeza: "¿Algo más?" Kuna kingine?

Kaka yake alifariki Machi. Nimekuja kuambiwa baadaye.

Niliona chozi moja likianza safari chini ya jicho la kushoto, taratibu, likipita kila kunyanzi. Mikono yake ikalegea juu ya mkono wangu. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga kama inanizomea. Profe kwenye kona akaacha kuandika, kalamu hewani. Mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nikasikia ukimya, na kwenye somo la mkahawani ukimya una mstari wake.

"¿Y de postre?"

Na baada ya chakula, tukuletee kitamu gani?

Sista akaniangalia muda mrefu. Halafu akaongea Kiswahili, ndugu zangu, Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, cha mtu aliyekaa nchi hii kabla sijazaliwa: "Mwanangu, wazazi wako wote wawili wamefariki kweli?"

Hapo mlango wa wokovu ulikuwa wazi. Swali la Kiswahili, sista mpole, muda upo. Lakini ubongo ulishavaa aproni.

"Sí," nikamjibu. "Enseguida."

Ndiyo. Sasa hivi nakuletea. Nikainuka, nikatoka.

Alama zimetoka: matamshi bora, kuelewa "tuonane ofisini". Sista kanitumia kupitia kwa Profe bahasha ya pole, rozari, na sweta mbili za yatima. Kuna dada wa darasani anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa hiyo nilipofika jioni, kabla sijamaliza "shikamoo", mama akasema, "Marahaba. Nasikia mimi na baba yako tumekufa kwa Kihispania."

Baba hajaongea na mimi tangu juzi, ila sweta moja anaivaa. Mama ya kwake ameifua, ameipiga pasi, na Jumapili baada ya misa anakwenda kwa masista kushukuru ana kwa ana. Nimemwambia ni mbali. Amesema nauli nitatoa mimi.