Brora ilivyofufuka, na viwanda vyetu vya korosho

Tangu nihamie Uskoti, nimewasikia ndugu zangu wa Mtwara wakisema mara nyingi kwamba wenzetu huku hawafungi viwanda ovyo. Wanafunga. Mwaka 1983 kampuni ya DCL, iliyokuwa ikimiliki sehemu kubwa ya viwanda vya wiski nchini, ilifunga viwanda 11 kwa mkupuo, kwa kuwa maghala yalikuwa yamefurika mapipa ambayo soko halikuyahitaji. Kimojawapo kilikuwa Brora, kwenye pwani ya Sutherland, kaskazini ya mbali.

Kiwanda hicho kilijengwa mwaka 1819 na Marquess wa Stafford, bwana yule yule ambaye mawakala wake waliwafukuza maelfu ya wakulima mabondeni ili kupisha kondoo. Wengi wao walisukumwa pwani, na kiwanda kikawa mnunuzi wa shayiri iliyolimwa huko, kwa hiyo chimbuko lake silisifu hata kidogo. Ninachokisifu ni yale yaliyofanyika baada ya milango kufungwa. Mitungi miwili ya shaba ya kukenekea iliachwa mahali pake kwa zaidi ya miaka 30, kumbukumbu za kazi zikahifadhiwa, na mapipa yaliyobaki yakaendelea kukomaa hadi wajuzi wa wiski wakaanza kuyagombea.

Mwaka 2017 kampuni ya Diageo, mrithi wa DCL, ilitangaza paundi milioni 35 za kufufua Brora pamoja na Port Ellen ya kisiwani Islay. Mitungi ile ilisafirishwa hadi kwa mafundi wa shaba wa Alloa, ikakarabatiwa na kurudishwa. Jengo lake lilibomolewa na kujengwa upya jiwe kwa jiwe. Mei 2021 wiski ilianza kutiririka tena, chini ya usimamizi wa Stewart Bowman, mzaliwa wa kijiji cha Brora. Mimi sinywi pombe, lakini kazi ya namna hiyo naiheshimu sana.

Nyumbani, viwanda vya kubangua korosho vilijengwa katika miaka ya 1970 kwa fedha za mikopo, na katika miaka ya 1980 vingi vilisimama, karibu wakati ule ule Brora iliposimama. Baadaye vilibinafsishwa, vingine vikageuzwa maghala, na hadi leo sehemu kubwa ya korosho yetu husafirishwa ikiwa ghafi, hasa kwenda India na Vietnam.

Najua mtu atasema kwamba wiski hupanda thamani kadiri inavyokaa, ilhali korosho huharibika, na kwamba Brora isingefufuliwa kama chupa zake za zamani zisingeuzwa kwa bei ya kutisha. Ni kweli, na sidai kwamba kila kiwanda kilichosimama kingeweza kuokolewa. Hata hivyo, kutunza michoro ya mitambo na daftari za uzalishaji hakuhitaji soko la matajiri. Kunahitaji chumba kikavu na mtu aliyekabidhiwa ufunguo. Mikataba ya ubinafsishaji ilipaswa kumbana mnunuzi atunze vitu hivyo.

Wafanyakazi wa viwanda vile sasa ni wazee. Halmashauri za Newala, Masasi na Nachingwea zinaweza kuanza mwaka huu kuwatafuta na kuandika wanachokijua kuhusu mitambo ile, kabla mabaki yake hayajauzwa kwa kilo kama chuma chakavu.