Keshi na kasha ni ndugu

Wiki iliyopita nilimsindikiza mama mkubwa kufuatilia malipo ya korosho zake. Kijana wa mezani akamwambia, "Bibi, siku hizi hakuna keshi, hela inaingia benki." Mama mkubwa akauliza, "Sasa kasha langu niweke nini?" Vijana waliokuwa pale wakaangua kicheko. Walicheka neno lenyewe, kasha.

Imeniuma. Hiyo keshi wanayoiona ya kisasa ni kasha lilelile. Waingereza walipolipata neno cash, katika karne ya 16, lilikuwa sanduku la kuwekea fedha. Mfaransa anasema caisse, Mtaliano cassa, na wote wamelitoa kwenye Kilatini, capsa. Baadaye jina likahama kutoka kwenye sanduku likazishika fedha zilizomo. Mreno naye akaita caixa, akaja nalo pwani yetu, sisi tukasema kasha. Kwa hiyo mama mkubwa na yule kijana walikuwa wanatamka ndugu wawili, na mwenye maana ya mwanzo ni mama mkubwa!

Kasha lake nalijua tangu utoto wangu, pale Mikindani, Mtwara. Linakaa miguuni pa kitanda, ufunguo uko kwenye pindo la khanga. Ndani mna khanga za arusi yake, hati ya shamba, na chini kabisa kopo la maziwa lenye hela za msimu. Hela ikiingia humo, anasema "imo". Isipoingia, hata uandike tarakimu ngapi kwenye karatasi, kwake bado haijalipwa. Hata taslimu, neno tulilopewa na Waarabu, ni kukabidhi.

Haya, benki ni salama, na stakabadhi ghalani, mfumo wa kupeleka korosho ghalani, ukapewa stakabadhi na kulipwa zikishauzwa, ilikuja mwaka 2007 kutuepusha na kangomba, yaani ununuzi wa magendo wa vijijini. Lakini mlanguzi wa kangomba anaingia kijijini na silaha moja tu, keshi. Anapunja kipimo, mkulima anaona kabisa anapunjwa, na bado anampa, kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Ukitaka kumshinda mtu huyo, lipa mapema. Mkulima akilipwa baada ya wiki sita, usimwambie amelipwa keshi.

Jioni mama mkubwa aliikunja stakabadhi yake mara nne, akaitia ndani ya lile kopo, akafunga kasha. Ufunguo akaurudisha kwenye pindo, akakaza fundo kwa meno.